Koti Limetangulia

Kijiji cha Itobela kina daraja zuri la zege, lenye kingo za chuma zilizopakwa rangi nyeupe na njano, na kibao kinachotaja mwaka lilipozinduliwa. Lilikosa kitu kimoja tu: mto. Mto Kasisi ulipita chini yake kwa misimu miwili, kisha katika mvua za mwaka wa tatu ukachimba njia mpya upande wa kijijini, hatua mia mbili na themanini kutoka darajani, na haukurudi tena. Mzee Amon Ngollo, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyezipima hatua hizo kwa miguu yake mwenyewe, akaziandika kwenye daftari.

Tangu hapo mtu wa Itobela akitaka kwenda Isikizya kwenye ofisi za wilaya, au mama akitaka kupeleka mtoto kliniki, alivua viatu akavuka maji ya kiunoni, akatembea mpaka darajani, akaanika nguo zake kwenye zile kingo, na zilipokauka akaendelea na safari. Kina mama wa uyoga na maembe walipanga vikapu pale kwa kuwa hapakuwa na matope. Mbuzi walilala pale. Maharusi wawili walipigwa picha pale. Lakini mwaka jana maji nusura yamchukue Recheli, mkwe wa Mzee Amon, akiwa na mimba ya miezi minane, na tangu siku ile mzee hakuwa na mzaha tena na mto ule.

Aliandika barua saba. Jibu lilikuwa lile lile mara saba: daraja la Itobela lipo, limekamilika na linatumika.

Basi mbunge wao, Mheshimiwa Minza Masele, alipopeleka swali bungeni, alimpigia simu Mzee Amon aende Dodoma kama mgeni wake, akae jukwaani alisikie jibu kwa masikio yake. Mzee Amon aliitisha mkutano wa kijiji, akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Sirudi bila daraja."

Mkewe Josepha, aliyekuwa amekaa mkeka wa mbele, akauliza, "Utalitia kwenye begi lipi?"

Watu walicheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mzee Amon hakuwa mgeni wa mambo ya Bunge. Kwa miaka ishirini alilisikiliza redioni kama wengine wanavyosikiliza mpira, na alikuwa ameyagawa majibu ya Serikali mafungu matatu. La kwanza lilianza na "Serikali inatambua", maana yake tumesikia, kaa. La pili lilikuwa na "kadri fedha zitakavyopatikana", maana yake kaa sana. La tatu lilikuja pale mbunge alipomwuliza waziri kama yuko tayari kuongozana naye akajionee mwenyewe. Waziri hujibu, "Niko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge mara baada ya kikao hiki," wabunge hupiga meza, na kila mtu huenda zake akiwa na furaha. Naibu Waziri wa mambo ya madaraja, Mheshimiwa Malogo, ndiye aliyekuwa fundi wa jibu hili. Katika daftari la Mzee Amon, kwa miaka miwili alikuwa tayari kuongozana na wabunge arobaini.

"Kama mtu huyu angekuwa anakwenda kweli," Mzee Amon alimwambia rafiki yake Mustafa Majidi, "sasa hivi asingekuwa na visigino."

Mustafa alikuwa fundi cherehani wa Tabora mjini, na ndiye aliyemshonea mzee suti ya safari hii. Alikuwa na binti yake Dodoma, Zuwena, kwa hiyo wakapanda treni pamoja, wakapita mle mle walimopita babu zao Wanyamwezi na mizigo ya pembe kichwani, na Jumatatu asubuhi wakashuka Dodoma wakiwa na begi moja, kuku wawili wa Zuwena, na hotuba ya Mzee Amon ya kurasa nne.

Hotuba hiyo ilitumika Jumanne, kwa maneno manne. Spika alisoma majina ya wageni waliopo jukwaani, akafika kwa mwenyekiti wa kijiji cha Itobela, na Mzee Amon akasimama. Wageni wengine walikuwa wakisimama, wakipunga mkono, wakikaa. Yeye alikohoa, akafunua karatasi, akaanza, "Mheshimiwa Spika, awali ya..." Askari wa jukwaani akamgusa bega.

"Mzee, unapunga tu."

"Nina kurasa nne."

"Zipunge, mzee."

Akazipunga. Wabunge walipiga meza kwa heshima, na Mustafa akamwambia kwamba kwa pale juu koti limekaa vizuri sana mgongoni.

Mchana walikutana na Naibu Waziri mwenyewe kwenye korido. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, Mgogo wa hapo hapo Dodoma, na Mheshimiwa Minza alipomtambulisha mzee kuwa ni Mnyamwezi, uso wa Naibu Waziri ulifunguka kama mlango. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wapagazi wa Unyamwezi walipofika Ugogo walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwenye kila kisima, wakagombana miaka mingi, mpaka ugomvi ukageuka utani. Mtani anaweza kukutukana msibani. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe ukakikomboa, na wewe huruhusiwi kununa.

"Kumbe Wanyamwezi siku hizi mnasafiri bila mzigo kichwani?" alisema Mheshimiwa Malogo.

"Mzigo tumeutua," alijibu Mzee Amon. "Tumekuja kuwatazama mliokuwa mnatutoza hongo, kama tabia mmeiacha."

"Hatujaiacha. Hapo getini ulilipa?"

"Nilionyesha kitambulisho."

"Basi wamekosea. Nitawasemesha."

Wakacheka, wakashikana mikono. Mheshimiwa Minza alishusha pumzi. Alikuwa mbunge wa kipindi cha kwanza, na kila kitu pale kilimtia hofu kidogo, hata zulia.

Swali lao, namba themanini na sita, lilipangwa Jumatano. Lakini Jumatano mbunge mmoja aliuliza juu ya mbolea, wakasimama wengine kumi na tisa kuuliza juu ya mbolea hiyo hiyo, muda ukaisha kwenye namba themanini na nne. Likasogezwa Ijumaa. Alhamisi Mzee Amon alishinda kwa Zuwena akisahihisha hotuba ambayo hakuna aliyeitaka, na jioni Mheshimiwa Minza akapiga simu, sauti imempooza.

"Shikamoo baba. Jibu limeshaandaliwa. Nimelipata kwa jamaa wa wizarani."

"Marahaba. Linasemaje?"

"Lipo, limekamilika na linatumika. Nikiuliza swali la nyongeza atasema yuko tayari kuongozana nami."

"La arobaini na moja," alisema Mzee Amon, akakata simu. Hakula vizuri. Alikuwa akimwona Josepha amekaa mkeka wa mbele.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Mheshimiwa Minza aliwakaribisha chai kwenye kantini ya Bunge. Meza ya pili alikaa Mheshimiwa Malogo na supu ya moto. Supu ilimtoa jasho, akavua koti, akalitundika kwenye kiti, na alipomaliza akaenda kunawa mikono.

Mzee Amon akainuka. Hakuharakisha wala hakunyata. Alikwenda mpaka kwenye kile kiti, akalichukua koti, akalivaa juu ya koti lake mwenyewe, akafunga vifungo vyote vitatu, akarudi kukaa na kuendelea na chai.

Mustafa alishika ncha ya koti, akaligeuza bitana. "Hili halikushonwa," alisema kwa heshima. "Hili limejengwa."

"Baba," alisema Mheshimiwa Minza. "Baba, lirudishe. Mbunge mwanamume mwenye shati na tai haingii ukumbini bila koti."

"Najua. Nimesikia redioni."

"Swali letu ni la pili leo. Ukimuudhi?"

"Mtani haudhiki, mwanangu. Akiudhika anatozwa mbuzi."

"Hii ni Serikali, baba."

"Serikali iko kule ndani ukumbini. Hapa kuna mtu na mtani wake."

Kengele ya kuingia ukumbini ikalia. Mheshimiwa Malogo akarudi, mikono imelowa, akakitazama kiti, akaitazama sakafu, kisha akamtazama Mzee Amon aliyekuwa ameongezeka unene ghafla. Askari mmoja kijana, mtu wa Mtwara asiyeujua utani huo, akasogea.

"Mheshimiwa, tumkamate?"

"Kwa kosa gani? Ni mtani wangu." Lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. "Mtani, koti langu."

"Koti gani? Hii ni hongo," alisema Mzee Amon. "Babu yangu alilipa doti mbili za kitambaa anywe maji ya kisima chenu, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Nimekuja kuchukua chenji."

Wabunge Wanyamwezi waliokuwepo walipiga meza kana kwamba wako ukumbini. Wabunge Wagogo walimwambia Malogo asithubutu kununa, asije akaaibisha kabila. Akataka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka tai ikapinda. Kengele ililia mara ya pili. Ikabidi aazime koti la mjumbe mmoja mfupi aliyekuwa na jingine kwenye gari.

Ndivyo Naibu Waziri alivyosimama kujibu swali namba themanini na sita, mikono ya koti imekomea karibu na viwiko, na kifungo cha kati kimekataa kabisa kuonana na tundu lake.

"Mheshimiwa Naibu Waziri," alisema Spika, "koti lako limelowa likasinyaa?"

"Limechukuliwa na mtani, Mheshimiwa Spika. Yuko kule juu, amelivaa."

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee Amon akapunga. Safari hii hakuhitaji kufundishwa.

"Kanuni zetu hazina kifungu cha utani," alisema Spika baada ya kicheko kutulia. "Endelea."

Mheshimiwa Malogo akasoma. Daraja la Itobela lipo, limekamilika na linatumika. Mheshimiwa Minza akasimama kwa swali la nyongeza. 

"Mheshimiwa Spika, kwa kuwa daraja hilo linatumiwa na mbuzi, na kwa kuwa mto uko hatua mia mbili na themanini kutoka lilipo, je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami akajionee mwenyewe?"

"Mheshimiwa Spika, niko tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge mara baada ya kikao hiki."

Meza zikapigwa. Wote walikuwa na furaha. Mzee Amon peke yake hakupiga makofi, na si kwa sababu kanuni za jukwaani zinakataza. Alifungua daftari, akaandika arobaini na moja.

Mchana, Bunge lilipoahirishwa, Mheshimiwa Malogo alimkuta nje karibu na geti.

"Haya mtani, mchezo umekwisha. Nilikomboe kwa kitu gani? Nyama choma? Zabibu?"

"Umesema uko tayari kuongozana."

"Nimesema."

"Basi koti limetangulia. Wewe utalifuata."

Mheshimiwa Malogo akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki. "Mtani, koti hilo alilinunua mke wangu."

"Mwambie shemeji liko salama. Linakwenda Itobela kwa treni."

Akaondoka, amevaa makoti mawili katika jua la saa saba, na Mustafa nyuma yake akibeba begi na kusema taratibu kwamba yeye hakuona kitu.

Ndani ya treni Mzee Amon alikagua mifuko mbele ya shahidi, kwa kuwa kitu cha mtani hukabidhiwa kama kilivyochukuliwa. Kulikuwa na kalamu, pipi ya kikohozi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu yake iliandikwa kwa mkono: "Pa kwenda." Chini yalipangwa majina ya majimbo, arobaini na moja. Hakuna hata moja lililotiwa alama.

"Mimi ninayo arobaini kabla ya sisi," alisema Mzee Amon, akatoa daftari lake. Wakalinganisha jina kwa jina. Kwenye daftari lilipungua moja tu, la mwezi wa Juni, siku ambayo betri za redio zilikwisha. Mzee alikuwa amedhani mtu yule anadanganya. Hakufikiri kama anaweza kuwa anakusudia, kisha anashindwa, na kuendelea kuandika. Halafu akachukua kalamu, na juu kabisa, mahali ambapo hapakuwa na nafasi, akaandika Itobela kwa mwandiko wake wa shule ya usiku, herufi zimesimama wima.

Kijijini alipokelewa na watu wengi. Josepha alilizunguka lile koti.

"Ulisema daraja. Mimi naona mikono miwili na vifungo vitatu."

"Mwenyewe analifuata."

"Lini?"

"Mara baada ya kikao."

Likatundikwa ofisi ya kijiji, kwenye msumari wa picha ya zamani. Wiki ya kwanza watu walikuja kuliona. Wiki ya pili walikuja kumwona Mzee Amon akiliangalia. Mvua iliongezeka, maji ya Kasisi yakapanda kutoka kiunoni kwenda mbavuni, na Recheli akaacha kumpeleka mtoto kliniki. Vijana wakipita nje ya ofisi walibisha hodi na kuuliza kama Naibu Waziri yumo. Mzee aliwajibu, lakini akili yake ilikuwa inapiga hesabu nyingine. Mtani asipokuja, utani umekufa, na palipokufa utani panabaki mzee wa miaka sabini na moja aliyeiba koti la mtu kwenye Bunge la nchi.

Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, mtoto mmoja alikuja mbio kusema kuna magari mawili darajani.

Mzee Amon alivaa suti yake, akavaa lile koti juu yake, akashuka mtoni. Kijiji kizima kilimfuata. Ng'ambo ya pili waliona gari la kwanza likipanda daraja taratibu, likipiga honi mbuzi wapishe, likishuka upande wa pili, na kwenda hatua mia mbili na themanini mpaka likasimama mbele ya maji. Mlango ukafunguliwa. Mheshimiwa Malogo akashuka, na nyuma yake Mheshimiwa Minza na injinia wa wizara. Naibu Waziri aliutazama mto. Akageuka akalitazama daraja, wale mbuzi, vikapu vya uyoga, na kanga tatu zilizoanikwa kwenye kingo. Akautazama mto tena.

"Linatumika," alisema, na upepo ukaleta sauti yake mpaka ng'ambo.

"Karibu mtani," Mzee Amon alipaza sauti.

"Nitupie koti."

"Litalowa."

"Basi njoo unibebe. Kwenu si ndiyo kazi."

"Tulibeba pembe, mtani. Wagogo hatukuwahi kubeba."

Watu wa Itobela walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mheshimiwa Malogo alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akakunja suruali, jambo ambalo halikumsaidia kitu. Vijana wanne walivuka wakamshika, wawili kila upande, mmoja akimbebea viatu. Maji yalimfika magotini, kiunoni, mbavuni. Katikati mkondo ulimsukuma, mguu ukateleza, na kwa kitambo kidogo uso wake haukuwa na utani wowote. Kicheko kikakatika kote kote. Vijana wakamvuta, akatoka upande wa Itobela akichuruzika maji, tai imemganda tumboni.

Hakudai koti. Aliuliza, "Na mama mjamzito anapita hapa?"

"Anapita. Mmoja yule pale." Mzee Amon alimwonyesha Recheli, aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni.

Mheshimiwa Malogo alimwangalia mtoto, kisha akageuka akaita ng'ambo. "Injinia, nisomee lile jibu."

Injinia alifungua faili. "Daraja lipo, limekamilika na linatumika, Mheshimiwa."

"Futa."

"Nifute lipi?"

"Lote. Halafu vua viatu uje uandike jingine ukiwa upande huu."

Injinia alivua viatu. Kabla ya kuvuka alirudi kwanza mpaka darajani na utepe wake akapima, akapata mita mia mbili na kumi. Mzee Amon alimwuliza hizo ni hatua ngapi, akaambiwa wizara haipimi kwa hatua, akasema ndiyo maana. Mchana wakala ugali kwa kuku na uyoga ofisini, na injinia akaandika kwamba daraja jipya liingizwe kwenye kazi za dharura, zianze maji yakipungua, na Mheshimiwa Malogo akatia saini. Mzee alilisoma jibu lile mara tatu kutafuta "kadri fedha zitakavyopatikana". Hakuyaona maneno hayo. Ndipo alipovua koti, akalikabidhi kwa mikono miwili, pamoja na kalamu, pipi ya kikohozi na karatasi.

Mheshimiwa Malogo alilivaa, likamkaa vizuri, Josepha akakubali kwa kichwa. Wakashuka mtoni. Kwenye ukingo Naibu Waziri aliyatazama maji, akajitazama, akalivua tena.

"Nishikie, mtani. Likilowa, mke wangu hatauliza habari za daraja. Nitalivaa siku nitakayovuka hapa mkavu."

"Hapo kwenye msumari pake panajulikana," alisema Mzee Amon.

Mheshimiwa Malogo alikunjua ile karatasi. Akaona juu kabisa mwandiko usio wake. Akaomba kalamu, akatia alama mbele ya Itobela, alama ya kwanza katika karatasi ile, kisha jicho lake likashuka taratibu mpaka chini.

"Mtani, na hawa wengine waliobaki?"

"Hao hawakuchukua koti."

Naibu Waziri aliikunja karatasi, akaitia ndani ya kiatu, akafunga viatu vyote viwili kwa kamba zake, akaviweka kichwani karatasi isilowe. Akaingia majini hivyo, mkono mmoja juu umeshika mzigo, vijana wakimlinda kushoto na kulia, na watu wa Itobela, ambao babu zao walitembea hivyo miezi mitatu mpaka pwani, wakapanga mstari ukingoni kumwona Mgogo akijifunza kazi.

"Shingo wima, mtani," Mzee Amon alimwita. "Na usiangalie chini."